Kazi za Kipupwe, na Muembe Usiotaka Maji

Mpira wa maji ulikuwa tayari mkononi mwangu na bomba limeshafunguliwa. Mama alikuwa ameketi uani juu ya mbuzi ya kukunia nazi, ulimi wake wa chuma umegeuziwa ukutani, anachambua kunde kavu kwenye ungo.

"Uwate, mwanangu," akasema bila kuinua uso. "Usiupe mai sasa."

Anausema muembe. Ulikuwa mwezi wa Julai hapa Lamu, masika yamekatika, mchanga wa juu mkavu kabisa, na majani ya muembe yamekakamaa, kijani cheusi, hayana raha. Mti wa namna hiyo ukiuona unausikitikia. Nikafunga bomba kwa sababu amesema Mama, lakini sikukubali.

Jambo lile halikunitoka. Wiki ziliingia na kutoka, nami kila nikipita pale nautazama muembe na kujiuliza: kuna huruma gani katika kuunyima mti maji?

Orodha kutoka Leicester

Hadithi ilianza kabla ya hapo, Januari, na aliyeianzisha ni mdogo wangu wa kike anayeishi Leicester. Alinitumia picha za orodha aliyoipata huko: kazi nyepesi za bustani kwa miezi ya baridi. Alikuwa amemfikiria Mama. Magoti ya Mama hayamruhusu tena kuchuchumaa, na daktari alimwambia apunguze kuinama. Mdogo wangu alidhani orodha ile itamfaa.

Na kweli ilikuwa orodha nzuri. Osha vyungu vitupu. Noa mikasi, paka mipini mafuta. Kagua mbegu za mwaka jana ujue zipi zimekwisha nguvu. Fagia majani yaliyoanguka uyarundike yaoze. Vyungu vya udongo vilivyojaa maji viondoe nje visije vikapasuka kwa barafu. Pogoa mitofaa na mipeasi wakati haina majani, kati ya Novemba na Machi, kwa kuwa imelala.

Nilimsomea Mama mchana wa kaskazi, jua limesimama, sote tunajipepea.

"Imelala vipi?" akauliza.

Nikamweleza kwamba mtofaa hupukutisha majani yote, na kwamba lazima upitiwe na mamia ya saa za baridi, chini ya nyuzi 7 hivi, ndipo uamke vizuri na kuchanua. Usipoipata baridi hiyo, maua huja machache na kwa fujo.

"Basi baridi ndiyo daku yake," akasema Mama, akaendelea kujipepea.

Orodha ikabaki kwenye simu yangu. Julai ilipofika, kipupwe kimeingia, watu wanaswali alfajiri wamejitanda shuka, nikafanya hesabu ambayo naamini wengi wangeifanya. Baridi yao ni Desemba mpaka Februari. Baridi yetu ni Juni mpaka Agosti. Kwa hivyo orodha isogezwe mbele miezi sita, mambo yaishe.

Nikaanza kwa mikasi. Nilipoifikisha mikasi kwenye muembe, Mama alinitazama kwa namna ambayo iliniudhi na kunizuia kwa pamoja. Ndipo nikasema basi angalau niutilie maji.

Mengine mmeshayasoma.

Mti mmoja usioguswa

Kilichonifanya nirudi kwenye orodha ni mstari mmoja mdogo mwishoni, ambao Januari niliuruka. Ulisema mitofaa ipogolewe baridi, *isipokuwa* miplamu. Plamu hukatwa wakati wa joto, kwa sababu vidonda vya baridi huingiwa na maradhi ya ukungu yanayogeuza majani yake kuwa na rangi kama ya fedha, na tawi hufa.

Kumbe hata kule kwenyewe, ambako bustani nzima hulala chini ya umande ulioganda, haitoshi kujua kwamba ni baridi. Lazima ujue kila mti uko kwenye shughuli gani.

Na hapo hesabu yangu ya miezi sita ikaanza kunitia mashaka. Usiku wa Julai hapa Lamu ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20. Hakuna mti wa Lamu unaolala kwa baridi. Mibuyu ya bara kule Mokowe hupukutisha majani, lakini ni kwa ukame. Sisi hatuna miezi ya baridi. Tuna pepo mbili na maji kidogo.

Upepo wenye chumvi

Nyumba yetu iko nyuma ya mji, pale mawe yanapokwisha na minazi inapoanza. Kusi, upepo wa kusini, hutufikia moja kwa moja. Kuanzia Juni hadi Agosti ndipo inapokaza, mashua ndogo zinafungwa, samaki anapanda bei, na kila kilicho uani kinapata chumvi. Pitisha kidole juu ya jani la mlimau asubuhi, kisha kilambe. Majani ya upande wa baharini huungua kingo, yakawa ya hudhurungi kama yaliyopitishwa motoni, na mgeni hudhani ni ugonjwa.

Kazi ya kwanza ya kipupwe kwetu ni kuyaosha majani. Ndoo ya maji yasiyo na chumvi, kopo lenye matundu, asubuhi mapema, kwenye mimea ya vyungu na mlimau tu. Ni kazi ya dakika chache, haihitaji nguvu, na faida yake haina ubishi: tangu tuianze, asmini haipukutishi vitumba ovyo.

Ya pili ni ua wa makuti. Watu wanapenda ukuta, kwa kuwa ukuta unaonekana ni kinga zaidi. Lakini upepo ukigonga ukuta hupanda juu yake na kuanguka upande wa pili ukizunguka, na mche ulio nyuma unaweza kutikiswa vibaya. Makuti yaliyosukwa hupitisha upepo kidogo, yakauvunja nguvu. Kuyafunga upya yaliyolegea ni kazi ya kamba na subira. Mama huifanya kwa kusimama, kipande kidogo kwa siku.

Maji ya kuoshea ni suala jingine, sitalikwepa. Mji huu unakunywa maji yaliyochujwa na vilima vya mchanga vya Shela, mvua inayozama mchangani na kukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini. Kisima kikivutwa sana, chumvi hupanda. Kwa hiyo anayemwagia bustani nzima kwa mpira wakati miti haihitaji anayachezea maji ya watu. Hili nalo lilikuwa ndani ya lile neno la Mama, ingawa hakulitamka.

Kwa nini unyimwe

Sasa muembe.

Muembe huchanua kwenye ncha za matawi. Si kila ncha. Tawi lazima liwe limekomaa, majani yake yamekuwa mazito na meusi, yaani hali ileile niliyoiona nikaisikitikia. Kwenye nchi ambazo usiku unapoa sana, baridi peke yake huiambia ncha itoe maua. Pwani kama hii, ambako usiku haupoi kiasi hicho, umri wa tawi na kiu ndivyo vinavyosaidia. Ukiumwagia maji na samadi mbichi wakati huo, mti hutafsiri kwamba msimu wa kukua umerudi, na ncha ile iliyokuwa itoe ua hutoa majani mapya, yale mekundu laini yanayoning'inia. Yanapendeza. Ila embe zako zimeondoka.

Na ukikata ncha Juni au Julai kwa mikasi iliyonolewa vizuri, umezikata embe hizohizo kwa mkono wako. Muembe hupogolewa ukishavunwa, ili matawi mapya yapate miezi ya kukomaa kabla ya kipupwe kinachofuata. Kwetu mavuno ni Novemba mpaka Machi, kutegemea aina. Wetu ni ngowe.

Mama hana habari za homoni za mimea. Anachojua ni kuyatazama majani. Akiona mekundu mwezi wa saba anasema mwaka huu tutanunua sokoni.

Kuna mipaka, nisije nikaleta maangamizi kwa makala moja. Mche mchanga, ambao haujafika umri wa kuzaa, upe maji. Mti ulioko kwenye mchanga mtupu na majani yanajikunja mchana kutwa, nao si wa kuachwa. Na maua yakishashika, vitunda vikafika ukubwa wa njegere, kiu haina faida tena, maji yarudi, chini, kwenye shina. Usiyarushe juu. Maua ya muembe yakilowa huoza yakawa meusi, na manyunyu ya kipupwe yanatosha kwa uharibifu huo.

Nilichokuwa sijakifikiria kabla ya Julai ni kwamba kujizuia nako ni kazi, na inachosha. Kila siku unapita, mpira uko pale, bomba liko pale.

Rundo la samadi na wakazi wake

Lamu huwezi kukosa samadi ya punda. Tatizo ni kwamba watu huimwaga ikiwa mbichi. Punda hasagi mbegu zote anazokula, kwa hivyo samadi mbichi ni kupanda magugu. Lazima ioze, na miezi hii, ikiwa bado na unyevu wa masika, ndiyo inayooza vizuri bila kuombewa maji.

Tatizo la pili ni wakazi. Yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa minazi kwenye kilele hutaga mayai yake kwenye vitu vinavyooza: magogo ya minazi iliyokufa, na marundo ya samadi kama letu. Ukiligeuza rundo utaona mafunza yake, meupe, manene, yamejikunja. Kuligeuza na kuyaokota ni kazi ya kipupwe iliyo muhimu kuliko zote kwa mwenye minazi, na inafanyika ukiwa umeketi, ukiwa na kijiti na kopo. Kuku hujua mapema. Wanajipanga.

Kaka yangu hataki kusikia habari hii wakati wa chakula, kwa hivyo naiacha.

Samadi iliyoiva huwekwa chini ya miti michanga na minazi, kisha juu yake makumbi ya nazi au makuti makuukuu, yakae kama tandiko la kuzuia jua. Yasiguse shina, kwa kuwa mchwa hupenda kupandia hapo. Na majivu ya jikoni, ambayo majirani wengi huyatupa bustanini kwa nia njema, sisi tumeyaacha. Udongo wetu umejaa chokaa ya mawe ya matumbawe, na majivu huongeza hali hiyohiyo. Majani ya asmini yakiwa manjano na mishipa yake imebaki kijani, mara nyingi chuma kipo udongoni ila chokaa imekizuia. Dawa ni mboji, tena mboji, na uvumilivu.

Majivu yana kazi nyingine. Kunde zilizopandwa masika zimeshakauka, na mbegu za mwakani zinatoka humohumo: punje nzima zisizo na tundu, zikauke mpaka zilie kwenye ungo, zichanganywe na majivu makavu ndani ya chupa iliyozibwa sana. Fukusi hawapati pumzi.

Asmini nayo, kwa kuwa tuko kwenye asmini. Maua hutoka kwenye vichipukizi vipya, tofauti kabisa na muembe. Kwa hivyo hii mikasi iliyonolewa ina pa kwenda. Mama hukata kidogo, vijiti vikavu na vile vilivyorefuka bila mpango, akauacha mti mviringo. Wakati ule ule hukagua sahani zilizo chini ya vyungu na kumwaga maji, kwa ajili ya mbu. Nyumba za zamani za Mkomani birika zake zilikuwa na visamaki vya kula viluwiluwi. Sahani ya plastiki haina samaki.

Saruji

Haya yote nayaeleza kana kwamba nyumbani tulikuwa tumekubaliana. Hatukuwa.

Kaka alitaka ua wote upigwe saruji. Hakuwa na ubaya. Alimkuta Mama siku moja ameinama kwenye rundo, ameshika kiuno, hawezi kunyanyuka wala kuketi, na tangu siku hiyo akawa na wazo moja tu: kama hakuna bustani, hakuna kuinama. Alishawaita mafundi, simiti imeshafika, mifuko imepangwa chini ya ngazi.

Nami sikujua niwe upande gani. Daktari alisema apumzike. Mtoto gani atamshindania mamake dhidi ya mapumziko? Tena nilijua, kwa kuwa nakaa naye, kwamba kuna siku anajikokota asubuhi akijifanya hana maumivu, ili tusimzuie. Kazi nyepesi ni nyepesi kwa nani? Kopo la maji lita tano halina uzito kwangu.

Nilimtazama siku kadhaa bila kusema neno. Nilichokiona ni kwamba kilichomuumiza ni kushuka na kupanda, si kazi yenyewe. Akishaketi, mikono yake haina umri. Akisimama wima mbele ya ua wa makuti, pia hana shida. Maumivu yako kati ya hali hizo mbili.

Kwa hivyo nikamwomba Kaka simiti ileile ijenge baraza. Baraza refu ukutani upande wa kivulini, kimo cha kiuno cha Mama, si cha fundi. Fundi alisisitiza kuwa baraza hazijengwi juu hivyo, nani atakaa. Tukamwambia watakaa mirehani. Vyungu vyote vikapandishwa juu, vizito vikabebwa na vijana, matundu ya kutokea maji yakaachwa wazi, na mbuzi ya nazi ikarudi jikoni. Sasa Mama ana kigoda cha kawaida chenye mgongo.

Rundo la samadi hugeuzwa na kijana wa kibarua. Mama huketi pembeni na kuelekeza, na kusema kweli anaelekeza mno. Kijana amejifunza mafunza yapi ni ya mdudu wa pembe na yapi yaachwe. Siku ya kwanza alitaka kuufyeka mlimau wote, akidhani ameitwa kusafisha.

Kaka bado anasema ungepigwa saruji.

Miongo

Jambo moja halijanitulia mpaka leo.

Babu yangu alihesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa zamani. Mwaka ule wa siku 365 ndio ulioongoza majembe na matanga pwani nzima, na miaka hii siku yake ya kwanza huangukia Julai. Kule Makunduchi, Unguja, bado watu wanauadhimisha kwa Mwaka Kogwa. Ukitaka kujua kipupwe kina heshima gani, tazama: mwaka wa zamani unaanzia humo, wakati shamba limetulia na vyombo vimefungwa.

Nyumbani kwetu hakuna tena anayeweza kuhesabu. Mama anakumbuka majina, si hesabu. Nilipojaribu kumtafuta wa kunifundisha, nilielekezwa kwa manahodha wawili watatu, wazee, na kila mmoja akanielekeza kwa mwenzake.

Halafu najiuliza kama hata ningejifunza ingenisaidia. Kuanzia mwisho wa 2020 mpaka 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki ya nchi, na Lamu ilikuwemo. Kisha vuli ya 2023 ikaja kwa mafuriko ya El Niño. Mwongo gani ungeyajua hayo? Utabiri wa simu nao hunipa wiki, hauniambii mwaka.

Mama halioni hili kuwa tatizo. Anasema muembe hausomi kalenda yoyote, ya babu wala ya simu. Unakomaza majani yake, unahisi kiu, unachanua. Mwaka ambao mvua ya Julai ilizidi, ulichelewa mpaka Septemba, na yeye akachelewa nao. Sina jibu la kumpa, ila sijaridhika. Mtu mwenye bustani moja anaweza kuusubiri mti. Mwenye shamba la kulisha watoto anahitaji kujua siku ya kupanda.

Desemba

Mdogo wangu anakuja Desemba. Ameomba likizo mapema, na amesema hatakaa bure, atamsaidia Mama kazi zile nyepesi za miezi ya baridi kama kwenye orodha.

Mama alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akamtumia ujumbe wa sauti mrefu. Desemba vuli inakwisha na kaskazi imeingia. Vyungu vya barazani vinataka maji asubuhi na jioni. Embe zinaiva zote kwa pamoja, zinachumwa kwa upondo, zinabebwa, zinagawiwa, zinatengenezwa achari kabla hazijaoza. Magugu ya vuli yamefika magotini. Baada ya mavuno muembe utapogolewa, na matawi yakatwe yabebwe mpaka nje kwa kuwa punda haingii uani.

Mdogo wangu ameuliza kama tikiti inaweza kubadilishwa iwe ya Julai.